Hesabu Niliyofanya Mbele ya Kuchagua Masomo ya Sheria



Tangu mwaka huu wa masomo ulipoanza, kila mutu anayekutana nami ananiuliza swali moja tu: "Mukubwa wa wanafunzi, kisha diploma ya Serikali utaenda kusoma nini?" Mimi nilikuwa ninajibu mbio: "Sheria." Wote wanafurahi, na wengine wamekwisha kuniita "Maître" mbele ya wakati. Lakini hakuna aliyeniuliza: "Na feza ya kusoma iko wapi?" Leo ninataka kusema juu ya swali hilo, maana sisi finalisti wengi tunaliogopa.

Kwanza niseme sababu ya kupenda sheria. Miaka miwili iliyopita, mutoto wa mama yangu mudogo alishikwa juu ya kinga moja iliyopotea. Alilala katika kasho siku sita. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 18, inasema kwamba kumushika mutu namna hiyo hakuwezi kupita masaa 48. Yakiisha, wamuachilie ao wamupeleke mbele ya wakubwa wa sheria. Katika jamaa yetu hakuna aliyejua neno hilo. Sisi tulikuwa tunapeleka chakula na feza kila siku, na kusema asante. Niliposoma kifungu hicho katika somo la uraia, nilisikia uchungu sana. Mutu mmoja mwenye kujua angaliweza kumutoa siku ya tatu. Nikasema: mutu huyo nitakuwa mimi.

Basi, siku ya posho moja, nilimuomba mama kaye yake ya madeni. Mama anauzisha ndagala hapa Kalemie. Yaya wangu alimaliza sheria kule Lubumbashi, na masomo yake yalilipwa na likelemba, na ndagala, na mukopo wa mufanya biashara mmoja. Nilijumulisha: kumebaki dola 840. Mama analipa dola 5 kila juma. Nilipogawanya, nilipata majuma 168, ni kusema zaidi ya miaka mitatu. Mwalimu wetu wa Kiingereza alituambia kwamba kule Marekani wanafunzi wengi wanakopa kwa Serikali yao, na deni ni la mwanafunzi mwenyewe. Kwetu, deni la masomo linaandikwa kwa jina la mama.

Musiseme kwamba yaya ni muvivu. Kisha kumaliza, mwenye kutaka kuwa avoka anapashwa kufanya staji ya miaka miwili. Yeye iko ndani ya staji, anapokea feza kidogo ya transporti wakati kunakuwa mambo ya kusamba. Na kuwa hakimu, ni lazima kushinda mashindano ya Baraza Kuu la Mahakimu, nayo hayafanyiki kila mwaka. Aliniambia ku telefone: "Mudogo wangu, jina la kazi niko nalo. Mushahara bado."

Kisha nikafanya hesabu yangu. Sheria ni miaka 3 ya lisansi, na 2 ya masta, na 2 ya staji: jumla 7. Nitakuwa na miaka 25. Minervali, chakula, vitabu, safari ya Kalemie mupaka Lubumbashi: hata kama ninalala kwa yaya, niliona dola 700 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ni 3,500. Dola 5 za mama kila juma ni 260 kwa mwaka. Hata kama asingalikuwa na deni, hazifiki nusu. Mama alipoona uso wangu alisema: "Usiogope. Tutaweka parseli." Ndugu zangu, katika parseli ile tunalala watoto watano.

Upande mwingine kuna chaki. Mimi ni wa Pedagojia. Na diploma ninaweza kufundisha shule ya musingi mara moja. Lakini tusijidanganye. Mwalimu mupya, yule wanayemuita N.U., anaweza kufundisha wakati murefu bila mushahara wa Serikali. Kwa hiyo nilienda kuuliza shule moja ya mutu binafsi: dola 60 kwa mwezi. Kama ninakula kwa mama, ninaweza kuweka 30.

Nimeamua hivi: nitafundisha miaka miwili, nilipe sehemu ya deni. Yaya ameahidi kwamba akimaliza staji atabeba nusu ya masomo yangu, nami nianze sheria. Mwalimu mmoja aliniambia: "Wengi wanasema watarudi, lakini ndoa na ugali vinawakamata njiani." Sikukuwa na jibu. Inawezekana ana haki.

Nilipomusomea mama karatasi yangu, aliuliza: "Ni juu yangu unakataa masomo?" Nilimujibu: "Hapana, mama. Ninakataa parseli isiende." Alinyamaza, akaendelea kugeuza ndagala ku jua. Kesho yake alinipa kaye ya madeni, akasema tangu sasa ni mimi nitakuwa ninaiandika.

Finalisti wenzangu, sisemi muache sheria, wala muende wote kufundisha. Ninasema mbele ya kutaja jina la fakilte, ombeni wazazi kaye yao. Ulizeni: miaka mingapi? Feza ngapi? Nani atalipa, na kwa kuuzisha nini? Ulizeni pia aliyemaliza jana, si yule aliyemaliza zamani na iko na gari. Mutu anayetaka kuwatoa wengine katika kasho asianze na kufunga mama yake katika deni.

Ni mimi ndugu yenu,
Mukubwa wa wanafunzi, kalasi ya mwisho, Pedagojia.