CHURA WA KIHANSI NA MAJI YETU

Ukitoka Mafinga kwenda upande wa mashariki, unapita mashamba ya chai na misitu ya misindano. Hali ya hewa ni ya baridi. Kila bonde lina kijito chake. Baadhi ya vijito vya Mufindi hukutana na vijito vya Kilolo, vikawa Mto Kihansi.

Ufuate mto huo. Ukifika ukingoni mwa milima ya Udzungwa, nchi inakatika. Maji yanaporomoka katika korongo refu, yanakwenda chini katika bonde la Kilombero. Yanapopiga miamba, hurusha manyunyu mchana na usiku. Majani, kuvu na mawe ya hapo hayakauki.

Chura wa manyunyu

Katika manyunyu hayo anaishi chura mdogo wa rangi ya njano. Mkubwa wao hafiki urefu wa sentimita 3. Wataalamu walimwona kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Hakuna mahali pengine duniani alipoonekana akiishi porini. Makao yake yote yalikuwa kama hekta 2, yaani eka 5 hivi. Wako wakulima wengi wenye shamba kubwa kuliko hilo.

Chura huyu hatagi mayai kama vyura wa mabwawani. Yeye huzaa watoto walio hai. Kila mtoto ni chura kamili, ila ni mdogo sana.

Maji yalipopungua

Taifa letu lilihitaji umeme. Kwa hiyo bwawa lilijengwa juu ya korongo. Maji yakapitishwa ndani ya mlima, yakashuka zaidi ya meta 800 mpaka kwenye mitambo. Mitambo hiyo ina uwezo wa megawati 180. Ilianza kazi mwishoni mwa mwaka 1999 na mwaka 2000. Umeme ulipatikana, lakini maji kidogo tu yalibaki korongoni. Manyunyu yakapungua, na makao ya chura yakaanza kukauka.

Je, watu walikaa kimya? Hapana. Mwaka 2000 karibu vyura 500 walipelekwa Marekani kutunzwa. Korongoni yalifungwa mabomba ya kurusha maji ili kuleta manyunyu tena. Vyura wakaongezeka. Lakini mwaka 2003 walikufa kwa wingi. Ugonjwa wa ukungu unaoshika ngozi ya vyura ulionekana kwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kuwa chura huyu ametoweka porini.

Wale wa Marekani waliendelea kuzaana. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nchini, wakatunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha korongoni ilianza. Kazi hiyo si rahisi. Kuharibu kulichukua muda mfupi. Kurudisha kunachukua miaka mingi.

Sisi tulio juu

Pengine utauliza, "Chura huyo ananihusu nini mimi?" Anakuhusu kwa sababu maji yake yanatoka kwetu. Maji hayo hayo huzungusha mitambo ya umeme. Maji hayo hayo unakunywa wewe na ng'ombe wako. Chura ana ngozi nyororo inayopitisha maji na sumu. Maji yakiharibika, yeye huumia mapema.

Najua vinyungu hutupatia mboga na mahindi mabichi wakati wa kiangazi. Sisemi tuache kulima. Nasema tulime kwa akili. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka tuache meta 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji. Pima kwa hatua zako ndefu, hatua 60. Hapo acha nyasi na miti ya asili, kama mivengi, ishike udongo. Mikaratusi ipande mbali na chemchemi, kwa sababu hunywa maji mengi. Ukimaliza kupulizia dawa, usioshe bomba kijitoni. Wala usitupe chupa ya dawa bondeni.

Zungumzeni jambo hili katika mkutano wa kijiji. Kagueni kila chemchemi yenu kabla ya msimu wa vinyungu. Tukilinda chemchemi, kwanza tunajilinda wenyewe. Na yule mdogo wa korongoni atapata manyunyu yake.