Jembe na Kalamu

Ndugu mtahiniwa, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968. Mwalimu alitukumbusha hivyo hapa Tindiga tulipoandaa maonesho ya picha, kuchangia masomo ya watoto na kina mama wasiojiweza.

Nilimchora dada yangu katika shamba la mpunga, jembe mkononi. Aliacha shule kwa sababu ya ujauzito. Tangu mwaka 2021 Serikali inawaruhusu wasichana kama yeye kurejea masomoni. Alipoiona picha akauliza, “Mdogo wangu, kalamu yangu iko wapi?”

Nikaichora kwenye mkono wake wa pili. Picha ilinunuliwa, fedha zikamlipia ada ya mtahiniwa wa kujitegemea. Mwaka huu tutafanya mtihani pamoja. Nawe, nyumbani kwenu nani anaisubiri kalamu?