Usiku Mmoja Kando ya Ziwa Baringo

Mwaka jana nilikwenda Marigat kumwamkia mjomba wangu, mfugaji wa mbuzi. Nchi ile ni ya joto, mawe na miiba. Usiku nilitaka kutoka nje bila viatu, mjomba akanishika mkono. "Ngoja taa, mwanangu."

Hatua tatu mbele ya mlango alijikunja nyoka mdogo wa rangi ya mchanga, akisugua magamba yake kwa sauti kama ya msumeno katika mti mkavu. Sumu yake huzuia damu isigande, hata aliyeumwa aweza kutoka damu katika fizi.

Ndipo mjomba aliponionyesha mguu wake usio na vidole viwili. Zamani aliumwa na bafe, nyoka mvivu alalaye njiani asikimbie mtu. Alifungwa kamba kwa nguvu, akachanjwa kwa wembe, na siku nzima ikapita kabla ya kufikishwa hospitali. Siku hizi akiumwa mtu, yeye humlaza, huuegemeza mguu kwa ubao usitikisike, na kumtafutia gari upesi.

Asubuhi nilikung'uta viatu vyangu. Akadondoka buibui mkubwa mwenye manyoya. Niliruka kuliko usiku, mjomba akacheka sana.