Imla ya Zamani na Watoto wa Leo

Ndugu zangu huko nyumbani,

Nawaandikia kutoka Adelaide, Australia. Joto limeanza kupungua, na mwezi wa tatu umekuja na shughuli yake. Kila tarehe 21 Machi shule za msingi huku huadhimisha Harmony Day, siku ya maelewano iliyoanzishwa na serikali mwaka 1999. Watoto huvaa rangi ya chungwa au mavazi ya asili yao, na wazazi hupika.

Shuleni kwa wanangu meza yetu hujaa. Akina mama wa Kongo huleta sombe, Warundi maharage na ndizi, na sisi wa pwani sambusa na mahamri. Wengi wa wenzetu hao walipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kufika huku. Pembeni wako Wavietnamu, Wahindi na Waafghani na vyungu vyao. Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa karibu nusu ya watu wa nchi hii wana mzazi, mmoja au wote wawili, aliyezaliwa nje.

Haikuwa hivi zamani. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1901 ilimruhusu ofisa kumsomea mgeni imla ya maneno 50 kwa lugha yoyote ya Ulaya. Mtu mweusi au Mwasia aliyejua Kiingereza aliweza kusomewa kwa lugha nyingine asiyoijua, ili ashindwe na kurudishwa. Imla hiyo ilifutwa mwaka 1958, na mwaka 1973 serikali ikaachana kabisa na siasa ya kuwapendelea Wazungu. Ndiyo maana moyo wangu hujaa shukrani ninapoona neno "Karibu" limebandikwa kwenye mlango wa darasa. Tarehe yenyewe pia inatuhusu Waafrika: tarehe 21 Machi 1960, huko Sharpeville, Afrika Kusini, polisi waliwaua watu 69 waliokuwa wakipinga sheria ya pasi. Umoja wa Mataifa ukaifanya siku ya kupinga ubaguzi wa rangi.

Kwenye sherehe ya shule, kabla ya ngoma na vyakula, hutajwa kwanza wenyeji wa ardhi hii, Wakaurna. Mwaka 1839 wamisionari wawili wa Kijerumani walifungua shule hapa Adelaide, mahali paitwapo Piltawodli, wakawafundisha watoto wa Kikaurna kwa lugha yao. Mwaka 1845 utawala wa kikoloni uliibomoa, watoto wakapelekwa kwenye shule ya Kiingereza. Lugha ikanyamaza kwa miaka mingi. Leo Wakaurna wanaifufua, na msingi wao mkubwa ni sarufi na msamiati ulioandikwa na wamisionari wale wawili.

Kwangu mimi funzo liko hapo: shule inaweza kuikuza lugha ya mtoto au kuinyamazisha, na chakula cha siku moja hakitoshi. Sambusa huliwa zikaisha mchana huohuo. Heshima ya kweli kwa mtoto ni mwalimu kujifunza kulitamka jina lake sawasawa, maktaba kuwa na kitabu cha lugha ya kwao, na mzazi asiyejua Kiingereza kupata mkalimani kwenye kikao cha shule. Mambo hayo yanahitajika mwaka mzima, na shule inayoyatenda ndiyo inayostahili kusherehekea.

Nasi wazazi tuna wajibu wetu. Shule inaweza kukikaribisha Kiswahili, lakini haiwezi kukilea kwa niaba yetu. Tukiwaacha watoto waongee Kiingereza tupu sebuleni, kizazi kimoja tu kinatosha kuipoteza lugha tuliyorithi bila ya mtu yeyote kutukataza.

Kwa hiyo nawaomba, babu, bibi, shangazi na wajomba: mkipiga simu, ongeeni na wajukuu kwa Kiswahili. Watoleeni hadithi, wategeeni vitendawili. Wakikosea ngeli msiwacheke. Warekebisheni kwa upole, na simu ya kesho mwendelee.

Wenu katika damu,
Adelaide