Shikamoo Kwanza, Msosi Baadaye

Dar es Salaam ina watu wanaopewa chakula kila wiki na hakuna anayejua majina yao. Jumamosi jioni gari la vijana wa kanisa linapaki maeneo ya Posta. Wanashuka na fulana zao za kufanana, wanagawa wali maharage na maji ya chupa, wanasali sala fupi, wanapiga picha, wanasepa. Saa moja imeisha. Njaa ni ya kweli na chakula kinasaidia, hilo halina ubishi. Ila kesho yake mzee yule yule akikutana na vijana wale wale barabarani, hawamtambui!

Dada mmoja wa kwaya, fundi cherehani wa Kariakoo, alizunguka na kundi hilo karibu mwaka mzima. Kilichombadilisha ni kitu kidogo sana. Siku moja, wakati anamkabidhi mzee mmoja chakula chake, mazoea ya nyumbani yakamtoka mdomoni: "Shikamoo mzee."

Mzee akanyamaza. Akaweka chakula chini kwanza, ndo akajibu: "Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

Hebu fikiria. Mtanzania anamwamkia mlinzi wa getini, anamwamkia mama muuza mchicha, hata mtu asiyemjua kwenye daladala. Shikamoo ni ya bure na kila mtu mzima anastahili. Lakini mtu akishaanza kulala barazani kwa watu, umri wake unafutika. Anakuwa omba omba, teja, chizi, "oya wewe". Mtoto wa darasa la pili anampita bila salamu na mzazi wala hamkaripii. Sahani ya wali inashibisha tumbo tu. Utu uzima wa mtu unarudi pale anapoamkiwa.

Basi dada akaanza kwenda peke yake, Jumanne jioni akishafunga kazi, bila fulana wala kamera. Wanapiga stori tu. Mzee alikuwa kuli mpaka mgongo ulipomgomea, kodi ikamshinda, vyombo vikatolewa nje. Ni Yanga damu, na dada ni Simba, kwa hiyo usiombe uwakute baada ya mechi! Mzee anajua mama wa dada ana sukari, na kila wiki anauliza anaendeleaje.

Wiki moja dada alikuja mkono mtupu, kazi ilikuwa imekata. Akaanza kujieleza. Mzee akamkatisha: "Kwani nilikuita uje na hela?" Akamwita muuza kahawa, akalipa vikombe viwili na kashata. Hapo ndo urafiki ulipoanza hasa, siku mtoaji alipogeuka kuwa mpokeaji. Kabla ya hapo ilikuwa huduma.

Kumpata ni kwa miguu tu. Laini ya simu inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na kupata hiyo namba unahitaji serikali ya mtaa ikutambue. Sasa mtu anayelala nje ya duka la watu, mtaa wake ni upi? Mjumbe wake ni nani? Hakuna namba ya kupiga wala ya kutumia hela. Ukitaka kujua kama mzima, nenda.

Mtihani ukaja kutoka kanisani. Kundi lilitaka mzee asimame kwenye ibada atoe ushuhuda, na picha yake iende kwenye WhatsApp ya kuchangisha. Mzee akagoma: "Nina wajukuu. Hawajui niko hapa."

Maneno yakawa mengi. Wengine walisema bila picha michango inakauka, na kweli ilipungua. Wengine wakauliza, ameokoka? Maana bado anakunywa. Dada anapoteza muda na mtu asiyebadilika!

Jibu la dada lilikuwa fupi. Luka 14 haisemi ukifanya karamu uwapelekee maskini makombo. Inasema uwaalike, mkae meza moja. Na rafiki huwezi kumwekea tarehe ya mwisho ya kuokoka, ikipita umwache. Akiacha pombe, ni furaha. Asipoacha, Jumanne ni Jumanne.

Kisha ikaja kamatakamata. Mzee akabebwa usiku pamoja na wenzake, kosa uzururaji. Dada alienda kituoni asubuhi. Askari wa zamu akauliza, "Wewe ni nani yake?" Angeweza kusema ni mwanae, mambo yangekuwa mepesi. Akasema, "Rafiki yangu." Askari alicheka kwanza, halafu akaenda kumwita. Mzee alipotoka hakuongelea mahabusu. Alichorudia njia nzima ni kwamba kuna mtu alikuja kumuulizia kwa jina.

Ikumbukwe, uzururaji ni kosa lililorithiwa kwenye Kanuni ya Adhabu tangu enzi za Mwingereza. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapo hapo Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika, na nchi zizifute au zizirekebishe. Yaani kukosa pa kulala kusimfanye mtu awe mhalifu.

Leo hii kundi bado linatoka Jumamosi, ila picha za nyuso hakuna tena. Wanabeba sahani chache, wanakaa chini na kula pamoja na wenyeji wao. Pembeni wanachanga kodi ya chumba, maana wenye nyumba wa Dar wanataka miezi mingi kwa mkupuo. Hela bado haijatimia. Mzee bado analala nje, na siku nyingine bado ananuka pombe. Ameshatoa sharti lake moja: "Msinipangishie mbali na muuza kahawa."

Haya wadau, yule mtu mzima mnayempita kila asubuhi pale kituoni, kuna anayemjua jina?