Nyumba ya Mawe na Fungu la Tano



Khabari nitakayoisimulia hapa si ya kujionyesha, na atakayeisoma mpaka mwisho ataona kuwa sina cha kujionyesha nacho. Ni khabari ya nyumba kongwe niliyoinunua Lamu, mtaa wa Mkomani, mwaka 2016, baada ya miaka mingi ya kusomesha bara na kukaa nyumba za kupanga. Nilikuwa nimestaafu, nina akiba yangu kidogo, na mke wangu alikuwa akiniuliza kila mwaka ni lini tutarudi kwetu.

Nyumba yenyewe ilikuwa imefungwa miaka mingi. Daka la mlangoni lilikuwa limegeuzwa jaa, na kiwandani mlikuwa mmeota mpapai. Wauzaji walikuwa ndugu wawili wanaume, wote wakikaa Mombasa. Walinionyesha hati ya marehemu baba yao, tukapatana bei, nikalipa mbele ya mashahidi. Bei ilikuwa nafuu mno, nami nilisema moyoni kuwa ni riziki yangu. Sikuuliza zaidi. Mtu aliyepata cha rahisi haulizi sana, na katika hilo mimi sikuwa bora kuliko mwengine.

Nilimtafuta fundi mmoja mzee, mtu aliyejua kazi ya chokaa tangu ujana wake. Siku ya kwanza hakushika nyundo wala mwiko. Alizunguka nyumba nzima akizigonga kuta kwa vidole kama tabibu, kisha akanambia, "Maalim, nyumba hii haikuharibiwa na uzee. Imeharibiwa na saruji."

Nilidhani anafanya mzaha, kwani sisi tumezoea kuona saruji ndiyo maendeleo. Akanieleza. Kuta za nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nazo ni nene zaidi ya futi moja na nusu. Mawe hayo hunywa maji kutoka ardhini na kutoka kwenye hewa ya bahari, kisha huyatoa tena kupitia lipu ya chokaa, ambayo inapumua. Aliyekaa nyumba ile zamani alipoona lipu inabambuka alipaka saruji juu yake, ikapendeza kwa miaka michache. Lakini saruji ni ngumu, haipumui. Maji yakabaki ndani ya ukuta pamoja na chumvi yake, yakawa yanakula mawe kwa ndani, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vikaoza. Fundi aliibandua saruji kwa patasi, na nyuma yake tukaona jiwe limekuwa unga. Ungelichota kwa mkono.

Basi kazi ya miezi minne ya mwanzo haikuwa ya kujenga bali ya kubandua. Tulitoa saruji chumba baada ya chumba tukaziacha kuta zikauke, na majirani wakipita husema, "Maalim anabomoa au anajenga?" Chokaa tulilowesha mashimoni ikakaa wiki kadha wa kadha kabla ya kutumiwa. Boriti zilizooza tulizitoa tukatia mpya za mkoko. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini vyumba vyetu vya zamani ni virefu na vyembamba: boriti ya mkoko haifiki mbali, na chumba hakiwezi kupita upana wa kama mita tatu hivi. Juu ya boriti hupangwa mawe mapana, na juu ya mawe humwagwa chokaa na kokoto, watu wakaishindilia mpaka ishikane. Zamani ilikuwa kazi ya umati wa watu pamoja na nyimbo. Sisi tulikuwa watu wanane na redio.

Mji huu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na watu wa Makumbusho huja kutazama mtu anapogusa nyumba ya zamani. Wako wanaolalamika. Mimi walinifaa, kwani walinizuia nisipanue dirisha ambalo lingeuangusha ukuta mzima.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Siku moja tulikuwa tukibandua saruji katika ndani, kile chumba cha nyuma kabisa. Fundi alipiga patasi mara moja tu, saruji ikaanguka kipande kikubwa, na nyuma yake zikatokea zidaka, safu juu ya safu, na nakshi zake za lipu bado nzima. Mtu aliona afadhali kuziziba kuliko kuzitengeneza. Wafanyakazi wote waliacha kazi wakaja kutazama. Bibi mmoja jirani, ambaye nyumba yake imeungana na yetu kwa wikio lipitalo juu ya njia, alisikia kelele akaja naye. Alisimama kitambo akizitazama, machozi yakamlenga.

"Hapa ndipo alipokaa binti yao siku ya harusi yake," akasema. "Mimi ndiye niliyempaka hina. Hajambo huko aliko?"

Nikamuuliza, "Binti yupi, bibi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua liko wapi.

Ndugu msomaji, nimesomesha watoto wa watu Faraidh. Nimewaandikia ubaoni, mara ngapi sijui, kuwa mwanamume hupata mafungu mawili na mwanamke fungu moja, kama ilivyo katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 11. Na mimi mwenyewe nilikaa na wale ndugu wawili, nikanywa kahawa yao, na wala halikunijia swali dogo la kuwauliza, "Je, mna dada?"

Usiku ule sikulala. Nitasema kweli: fikra ya kwanza iliyonijia si ya kumtafuta yule binti. Ilikuwa kwamba yeye yuko Tanga, kaolewa huko tangu zamani, na jirani ni mzee. Nilihesabu fedha nilizokwisha kutumia, chokaa, boriti, ujira wa mafundi. Nikajiambia kuwa kosa ni la waliouza. Mke wangu alikuwa macho. Akanambia, "Baba Fulani, ile hadithi ya shibri moja ya ardhi si wewe uliyewasomea watu Ramadhani?" Kisha akageuka akalala, mimi akaniacha na dari.

Nilikwenda kwa kadhi mmoja ninayemheshimu, si kwa mashtaka bali kuuliza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Wazazi wote wawili wamekufa, wamebaki wana wawili na binti mmoja, kwa hivyo mali ni mafungu matano: wawili wale wana manne, na la tano ni la dada yao. Waliloniuzia la dada yao hawakuwa na idhini nalo, na kwa hilo sikununua kitu. Tena akaongeza jambo ambalo sikulitaraji. Katika madhehebu yetu ya Shafii, shufaa si ya jirani bali ni ya mshirika, na nyumba yangu ni kubwa, yaweza kugawanywa ikabaki na manufaa. Dada huyo akipata khabari akitaka papo hapo, anaweza kuyachukua hata yale mafungu manne kwa bei niliyolipa mimi.

"Na zile zidaka?" nikamuuliza, swali la kipumbavu.

"Utafikiriwa gharama zako," akasema. "Lakini kwanza mwambie."

Nilimpigia simu mwenyewe. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Baada ya wiki mbili akaja, basi mpaka Mokowe kisha mashua, mwanamke wa umri wangu, na mwanawe amemshika mkono. Alipita daka na misana yote bila kusema kitu, akaingia ndani, akatia mkono katika kidaka kimoja cha chini. "Hapa mama akiweka ubani," akasema.

Alinieleza kuwa baba yao akisema siku zote nyumba hii ni yake yeye, kama ilivyokuwa ada ya wazee wa Lamu, baba kumpa binti nyumba ili mume amfuate, si yeye amfuate mume. Lakini hakumkabidhi, na hiba isiyokabidhiwa haitimii. Akiyajua hayo, alikwisha kuuliza miaka iliyopita. Ndugu zake walimwambia nyumba imeanguka.

Nilimweleza khabari ya shufaa. Akacheka, na si kicheko cha furaha. "Maalim, shufaa ni haki ya mwenye fedha. Mimi nipe fungu langu."

Wale ndugu walipoulizwa walisema fedha zimekwisha. Nyumba ilithaminiwa kwa bei ya siku hiyo, ukitolewa utengenezaji wangu, ikaonekana kuwa niliinunua kwa bei iliyo chini ya haki, na fungu la tano likawa kubwa kuliko nilivyodhani. Nililipa. Fungu hilo nimelinunua mara mbili. Yeye alizipokea fedha, akazihesabu mbele ya mashahidi, akasema mimi amenisamehe. Ndugu zake hakuwataja.

Fedha hizo zilikuwa za kuezeka juu. Sakafu ya juu iko mpaka leo bila paa, tumeifunika kwa turubai, na mvua za masika zikija mke wangu hupanga ndoo. Chini ni pakavu. Kila mwaka baada ya Maulidi yule dada huja kukaa siku tatu, hulala katika ndani, na akiondoka huacha kidaka cha chini kinanukia ubani.