Kwa Miguu Katika Nchi ya Kifaru

Ng'ambo ya magharibi ya Mto Nile, katika pembe ya Uganda inayopakana na Kongo na Sudan Kusini, ipo nchi ambayo watalii wachache huifikia. Kutoka Kampala hadi Arua ni mwendo wa karibu kilomita 480, na msafiri huvuka Nile katika Karuma, kisha tena katika Pakwach. Apendaye kutembea kwa miguu na kulala hemani atakuta huko vilima vyenye historia, na pori lenye fundisho.

Kaskazini-mashariki ya Arua umesimama Mlima Wati. Na upande wa Koboko, mji ulio kilomita kama 55 kaskazini ya Arua kwa barabara ya lami, uko Mlima Liru. Kwa Walugbara vilima hivyo si mawe matupu. Mapokeo yao husimulia habari za mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, ambao uzao wao ndio uliozaa koo za kabila hilo. Jaki alifia Liru, na Dribidu alifia Wati. Kwa hiyo yampasa mgeni kuwaamkia wazee na kuomba njia kabla ya kupanda. Huo ndio uungwana, na tena ni busara, kwani wazijuao njia za huko ni wenyeji.

Kutoka vilimani, ardhi hushuka mashariki kuelekea mtoni. Huko, penye mivumo mirefu na vinamasi vya mafunjo, liko Pori la Akiba la Ajai, lenye eneo la kilomita za mraba kama 150. Nzohe hujificha katika mafunjo, na viboko hutoka majini usiku kuja kula majani. Lakini sifa ya pori hili ilikuwa kifaru mweupe wa kaskazini. Hata bandari ndogo iliyo jirani huitwa Rhino Camp, yaani Kambi ya Kifaru. Mwezi Januari 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani hadi mwaka 1909, alipiga hema katika sehemu hizo, na yeye na mwanawe Kermit wakaua vifaru tisa kwa ajili ya makumbusho.

Katika miaka ya 1960 Ajai lilitengwa ili mnyama huyo ahifadhiwe. Ndipo ikaja vita ya 1979 na misukosuko iliyofuata. Wakazi wengi wa Arua na Koboko walikimbilia Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, na Sudan. Bunduki zilienea, na pembe ya kifaru ilikuwa na bei kubwa. Kufikia mwaka 1983 hapakusalia kifaru hata mmoja porini katika Uganda nzima. Wahenga walisema akiba haiozi; akiba hii ilipotea kwa kuwa mlinzi na jirani yake walikuwa ukimbizini.

Mwaka 2005 vifaru weupe wa kusini walianza kutunzwa katika hifadhi ya Ziwa, wilayani Nakasongola, na uzao wao umeongezeka. Lakini wale wa kaskazini, wenyeji halisi wa Nile Magharibi, wamebaki majike wawili tu, Najin na Fatu, katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya. Dume la mwisho, Sudan, lilikufa huko Machi 2018.

Atakaye kwenda Ajai yafaa achague miezi ya kiangazi, Desemba hadi Machi, na apate kwanza kibali na askari wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda wa kumwongoza. Avae nguo za mikono mirefu kwa sababu ya mbung'o, achukue chandarua na maji ya kutosha, wala asipige hema katika mapito ya viboko. Moto na auzime kabisa, kwa maana nyasi za kiangazi hushika upesi. Chakula na anunue vijijini: enyasa, ambao ni ugali wa huko, pamoja na samaki wa mtoni.

Shilingi hizo chache zina kazi kubwa. Jirani aonaye pori likimletea riziki atakuwa wa kwanza kumzuia jangili, hata siku ambayo askari hayupo.